Task Scheduler ya Windows mpya ni bora, ila usiiamini kabla hujaifungua ndani

Jamani, hili limenigharimu, ndiyo maana nalisema.

Nauza mabegi mtandaoni. Oda na madeni yote yako kwenye faili moja la Excel. Kila saa 2 usiku laptop inatakiwa ilinakili faili hilo kwenye flashi yenyewe, mimi nisiguse kitu. Kazi hiyo nimeipanga kwa Task Scheduler, imo humohumo kwenye Windows, hulipii.

Mwanzo nilikuwa na kompyuta ya mezani ya zamani, Windows XP. Ile rahisi: chagua programu, chagua saa, weka neno la siri, basi. Kuja Windows 10 nakuta madirisha kibao, nikasema hapa wametuvurugia. Nikapita njia fupi ya "Create Basic Task", nikalala.

Siku faili limeharibika nikakimbilia flashi. Nakala ya mwisho ina siku 9! Kumbe jioni zile umeme ulikuwa unakatika, na kazi mpya inakuja na tiki ya kutoanza kama laptop iko kwenye betri. Siku nyingine saa 2 ilikuta nimeshaizima, nayo haikufidia. Njia fupi haikuonyeshi hayo. Kosa langu, sikufungua ndani.

Lakini sasa nasema mpya ni bora, tena mbali. Kwenye XP saa ikipita imepita, hakuna pa kuiambia ifidie. Hii unaiambia. Fungua Properties za kazi yako. Kwenye "Conditions" toa tiki ya "Start the task only if the computer is on AC power". Kwenye "Settings" weka tiki ya "Run task as soon as possible after a scheduled start is missed". Kwa umeme wetu huu, tiki hizo mbili ndizo zinanifanya nisirudi nyuma. Windows 11 ni zilezile.

Ukimaliza bonyeza "Run", kisha tazama "Last Run Result". Ikiandika 0x0, programu imemaliza bila kosa. Hata hivyo fungua flashi uone tarehe ya faili kwa macho yako.

Madeni mengi nimeyapata kwa kupekua meseji za WhatsApp. Wawili bado. Wenyewe wanasema walishalipa.