Muhtasibu wa Maji Ni Nani?

Ndugu msomaji, katika lugha ya idara zetu za maji liko jina moja linalotamkwa kwa utulivu mkubwa, nalo ni "maji yasiyolipiwa". Maana yake ni maji yaliyotekwa, yakatiwa dawa, yakasukumwa kwa umeme wa pesa nyingi, yakaingia katika mabomba, kisha yasilipiwe na mtu. Bodi ya Kusimamia Huduma za Maji ya Kenya (WASREB) hutoa ripoti zake, na kwa miaka mingi zimeonyesha kwamba katika nchi nzima maji ya namna hiyo huzidi 40 katika kila 100. Bodi hiyohiyo huihesabu kampuni kuwa nzuri ikiwa yapoteza chini ya 20. Sasa fikiri: mfanyibiashara amempa mtumishi wake magunia 100 ya mchele ayapeleke dukani, yakafika 60, na mtumishi akasema kwa uso mkavu, "Hayo mengine ni magunia yasiyolipiwa." Je, tajiri wake atamwambia ahsante, kisha ampe mengine 100?

Watu wamezoea kuzitenga kazi mbili za idara ya maji. Kuhifadhi maji wameachiwa mafundi, na uaminifu wameachiwa mawakili. Mimi nasema hizo ni kazi moja. Ndani ya hilo pengo la 40 mmejificha bomba bovu lisilozibwa, na mmejificha pia mkono uliotoboa bomba usiku, na mita iliyofumbiwa macho kwa bahasha. Maadamu vyote vimetiwa katika hesabu moja na kupewa jina moja, mwizi hujifunika kwa kutu ya bomba, na mvivu hujifunika kwa mwizi.

Tuitazame Mombasa. Kisiwa hiki hakina mto. Maji yake hutoka mbali: Mzima, ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi, ambako mvua ya vilima vya Chyulu huzama katika mawe ya volkano na kuibuka chemchemi, Baricho kando ya mto Sabaki, Marere katika vilima vya Shimba, na visima vya Tiwi. Bomba la Mzima lilikamilika mwaka 1957, nalo hupita nchi ya Wataita na kuteremka yapata kilomita 220 hadi kufika kwetu. Wataita wamelalamika miaka mingi kwamba maji yatoka kwao na wao wana kiu, na ni haki yao kulalamika. Basi mtu wa Mombasa anapoona bomba limepasuka na maji yatiririka barabarani toka Ijumaa hadi Ijumaa, ajue kuwa hiyo si mali ya Mombasa peke yake inayomwagika. Ni mali ya jirani aliyenyimwa ili sisi tupewe.

Na yanayotufikia hayafiki nusu ya mahitaji ya mji. Bwawa la Mwache huko Kwale limesubiriwa miaka mingi, na bomba la pili la Mzima limezungumzwa mpaka wazee wengine waliolisikia mwanzo wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Sipingi bwawa wala bomba. Lakini atakayetia maji mapya katika mabomba yaleyale yavujayo, chini ya macho yaleyale yaliyofumba, atakuwa amekopa pesa za wajukuu wetu ili aongeze kiasi cha kupotea.

Hapa pana swali ambalo wengi waliogopa. Bomba likikauka, nani hufaidika? Si mama wa nyumba anayenunua mtungi wa lita 20 kwa mwenye mkokoteni. Wa kwanza kufaidika ni mwenye boza. Kuuza maji kwa boza ni biashara ya halali, nami simshutumu mtu kwa kuwa na boza. Ila nauliza: je, yafaa mtumishi wa idara ya maji, ambaye mkono wake ndio unaofungua na kufunga vali, awe naye ana boza lake, au la mkewe, au la shemeji yake? Asiyeona ubaya wa jambo hili na asome habari za yule mtu wa kabila la Azd, Ibn al-Lutbiyya, aliyetumwa na Mtume (S.A.W.) kukusanya zaka. Alirudi akagawa mafungu mawili: hili lenu, na hili nimepewa zawadi. Mtume alipanda mimbari akakasirika, akauliza kwa nini mtu huyo hakukaa nyumbani kwa baba yake na mama yake aone kama zawadi ingemfikia. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Kipimo chake ni chepesi kufahamika: faida ambayo usingeipata ila kwa kuwa umekalia kiti cha umma, si yako.

Watasema, "Sisi tuna wakaguzi wetu wa ndani, na kanuni za maadili tumezitundika ukutani." Jawabu ni kwamba Uislamu haukumwachia mtu kuwa hakimu wa nafsi yake. Sayyidna Umar aliandika mali ya maliwali wake walipoingia kazini, na akamtuma Muhammad bin Maslama kwenda kuwachunguza huko waliko. Sheria za Kenya nazo, tangu ile ya mwaka 2003, zimewataka watumishi wa umma watangaze mali zao. Na Katiba ya 2010 imeweka sura nzima ya uongozi na uadilifu, na katika kifungu cha 43 imeyafanya maji safi kuwa haki ya kila mtu. Sheria basi hatukukosa. Lakini tangazo la mali lifungwalo kabatini lamfaa nani?

Wazee wetu walikuwa na muhtasibu, mtu wa kuamrisha mema na kukataza maovu sokoni na mjini. Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 450 wa Hijra, katika kitabu chake cha hukumu za utawala, aliyataja maji ya mji waziwazi. Maji ya kunywa ya mji yakiharibika, muhtasibu huamrisha yatengenezwe kwa mali ya Baitul-mali. Na kama humo hamna kitu, basi wajibu huwaangukia wenye uwezo katika mji. Tazama jinsi uchunguzi na matengenezo yalivyowekwa mkononi mwa mtu mmoja. Hakuteuliwa mmoja wa kuchunguza tabia na mwingine wa kuziba matundu.

Nikifika hapa, baadhi ya ndugu zetu Waislamu hufurahi, wakidhani nimewasemea. La. Wako miongoni mwetu waliojiunganishia bomba bila mita, na ukiwauliza watakutajia Hadithi ya Abu Daud ya kwamba watu ni washirika katika maji, malisho na moto. Hadithi wameisoma, maana wameyaacha. Ushirika huo ni katika maji ya mtoni na ya chemchemi kabla hayajatekwa. Yakishatekwa yakatiwa chomboni, wanavyuoni wengi wasema ni milki ya aliyeyateka. Na maji ya bomba yametekwa kwa pesa za umma, basi ayaibaye ameiba mali ya umma, ambayo wenyewe hawahesabiki, na siku ya kuombana radhi hatajua aanze mlango gani. Mwenye kutawadha kwa maji ya kupora, kwetu sisi Mashafii udhu wake husihi naye hubeba dhambi. Mahanbali wasema hausihi kabisa. Na yako maji ya namna hii yanayoingia mpaka misikitini, kamati zikijua.

Tena hata yaliyo halali twayamwaga. Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, nayo haifiki lita moja. Zamani birika na kata vilitufundisha kiasi. Leo mtu hufungua mfereji, akaanza kuzungumza na mwenzake habari za mpira, na maji yaenda.

Lakini asije mkubwa wa idara akajificha nyuma ya mfereji wa msikiti. Aliyepewa bomba zima ataulizwa bomba zima. Basi kamati za misikiti, baada ya kutengeneza mita zao na kulipa bili zao, ziandike barua, kila msikiti yake, ziulize mambo matatu. Katika mtaa wetu maji mangapi yaliingia mwezi uliopita, na mangapi yalilipiwa? Katika yaliyopotea, mangapi yalivuja na mangapi yaliibwa? Na ni watumishi gani wa idara, wao au jamaa zao, wanaouza maji kwa boza? Majibu yakija yabandikwe mlangoni pa msikiti. Yasipokuja, ibandikwe barua yenyewe, na tarehe iliyopelekwa.