Kupona kwa karatasi hakutoshi!



Kila mwezi vituo vya afya vya inchi yetu vinatuma raporti kwa zoni ya afya. Zoni inaingiza hesabu katika mfumo wa SNIS, zinapanda jimboni, zinafika Kinshasa. Huko juu wanasoma: wangapi wamepokelewa, wangapi wamepona, wangapi wamekufa.

Sisi tunauliza: kupona ni nini?

Mama amezaa kwa kupasuliwa. Kidonda kimekauka, muganga ameandika "amepona". Wiki tatu baadaye mama angali pale pale, sababu fakture haijalipwa. Kwa raporti amepona. Kwa familia yake ni mfungwa. Akitoka usiku na mtoto mgongoni, wanamuandika "evade", kama mutu aliyetoroka gereza. Na yule aliyeogopa fakture, akabaki nyumbani, akafia kule? Mara nyingi huyo hayuko kwenye hesabu yoyote ya hospitali. Ndiyo maana hospitali inaweza kuwa na hesabu nzuri, na mtaa uko unazika kila wiki.

Tusikosee adui. Wauguzi wengi wanaojaza raporti hizo hawana mshahara wa serikali, wanaishi kwa franga za wagonjwa. Muuguzi akiandika vifo vingi, anaulizwa yeye. Nani anauliza kwa nini damu ilikosekana, kwa nini umeme ulikatika? Basi anajifunza kunyamaza.

Kifungu 47 cha Katiba kinahakikisha haki ya afya. Septemba 2023 serikali ilizindua uzazi wa bure, ikianzia Kinshasa. Vizuri! Lakini wasituhesabie tu waliozaa. Watuambie wangapi walirudi kwao siku ile ile muganga aliposema "enda nyumbani".

Tunadai:

1. Raporti ya kila mwezi ibandikwe kwenye mlango wa kituo.
2. Wanaozuiliwa sababu ya fakture wahesabiwe wazi, kisha waachiliwe.
3. CODESA, kamati za raia za afya, ziandike pia vifo vya nyumbani.
4. Muuguzi anayeandika ukweli alindwe, na alipwe!

Tuko wengi wenye diplome bila kazi. Kusoma hesabu tunajua. Wiki hii, kila mmoja aende kwenye kituo cha mtaa wake, aulize kwa heshima: mwezi uliopita wamekufa wangapi, na sababu gani? Wafu ni wetu. Hesabu yao si siri ya serikali.