Asusa za watoto zipo mashambani mwetu

Ndugu Mhariri,

Naandika kuhusu wanachotafuna watoto wetu hapa Kibiti kati ya mlo na mlo. Shilingi mia wanayopewa inaishia kwenye pipi, lambalamba na juisi ya unga yenye rangi, ilhali wilaya hii inatoa korosho, ufuta, nazi, muhogo na maembe.

Korosho ndiyo inayoniuma zaidi. Msimu ukifika tunanyofoa korosho kwa ajili ya mnada, mabibo tunayaacha yaoze chini ya mikorosho. Bibo lina vitamini C nyingi kuliko chungwa! Chagua lililoiva vizuri, likate vipande, uviloweke kidogo kwenye maji ya chumvi ili ukakasi upungue, kisha uvisuuze. Changanya na embe au papai. Rangi zake tu zitamvuta mtoto.

Ufuta nao tusiuuze wote. Ukaange bila mafuta, uutwange, kisha uviringishe ndani yake vipande vya ndizi mbivu au muhogo wa kuchemsha. Walio chini ya miaka mitano wasipewe karanga wala korosho nzima, maana zinaweza kuwakaba, watwangiwe.

Wenzangu wa Nyamisati na vijiji vya delta ya Rufiji, ambako minazi ipo, nawaomba wawape watoto dafu badala ya soda. Nawe Mhariri, tutengee kona ya mapishi ya watoto yanayotumia mazao ya Pwani.

Mzazi,
Kibiti, Pwani