Kaolewa Dar, Lakini Dar ya Wapi?



Posa inapoingia nyumba zetu za Unguja na Pemba, wazee huuliza mengi. Mtoto wa nani, anafanya kazi gani, sala yake ikoje, mahari kiasi gani, nyumba yake au ya kupanga. Yote ni maswali ya haki. Lakini mume anapokuwa mkaazi wa Dar es Salaam, lipo suala moja ambalo tunaona halipewi nafasi: hiyo nyumba iko upande gani wa mji, na mtoto wetu akitaka kurudi kwao atapita njia gani?

Wengine watasema hilo ni jambo dogo, ndege zipo na boti zipo. Sisi tunasema si dogo. Jibu la suala hilo ndilo litakaloamua bi harusi atamuona mama yake mara ngapi kwa mwaka. Na siku ya msiba, ndilo litakaloamua kama atawahi au hatawahi.

Kwetu tukisema "kaolewa Dar" ni kama tunasema pahala pamoja. Dar si pahala pamoja. Wa Bunju na wa Gongo la Mboto wote wako Dar, lakini mmoja akitaka kwenda kwa mwenzake anaweza kumaliza nusu siku njiani. Na milango ya kutokea mji ule kwa sisi watu wa visiwani iko mitatu. Wa kwanza ni uwanja wa ndege wa Julius Nyerere, uliopo upande wa Kipawa kwenye barabara ya Nyerere. Wa pili ni gati ya boti, katikati ya mji ukingoni mwa bahari. Wa tatu ni treni ya umeme, ambayo ina stesheni kubwa mjini, si mbali na gati, na stesheni nyengine Pugu. Treni haiji kwetu, lakini mabibi harusi wetu wengi waume zao kazi zao ziko Dodoma, na tangu Julai 2024 treni hiyo inafika huko kwa muda wa saa tatu na nusu hadi nne hivi.

Sasa mlango upi ni wako? Inategemea umelala wapi.

Ukiwa Ukonga, Gongo la Mboto au Pugu, umebarikiwa. Uwanja wa ndege uko kwenye barabara yako hiyo hiyo, na stesheni ya Pugu iko nyuma yako. Huna haja ya kuingia mjini kufuata treni. Ila angalia tiketi kabla ya kulipa, kwani treni za haraka hazisimami kila stesheni.

Ukiwa Mbezi Mwisho, watu watakwambia upite Ubungo. Si lazima. Ipo barabara ya Malamba Mawili na Kinyerezi inayotokea Banana, jirani na uwanja wa ndege. Wengi waliohamia kutoka visiwani hawaijui kwa sababu hakuna aliyewaonesha, wanakwenda kukaa kwenye foleni bure.

Ukiwa Kigamboni, una njia mbili na kila moja ina kazi yake. Pantoni inakuvusha hadi Kivukoni, na kutoka hapo gati ya boti ni mwendo mfupi. Daraja, lililofunguliwa mwaka 2016, linakutoa Kurasini, unashika barabara ya Mandela mpaka Tazara, kisha uwanja wa ndege, bila ya kuingia katikati ya mji. Kwa boti panda pantoni, kwa ndege pita darajani.

Ukiwa Mbagala, barabara ya Kilwa inakupeleka mjini, kwenye boti na stesheni kubwa. Ukiwa Tegeta au Bunju, sema ukweli na nafsi yako: uko mbali na milango yote mitatu, na kila safari utaianza kwa barabara ya Bagamoyo. Hapo ndipo hesabu inapotakiwa zaidi.

Hesabu yenyewe ni hii. Usihesabu safari kwa urefu wa ndege au bei ya tiketi. Hesabu kuanzia unapofunga mlango wa nyumba yako hadi unapobisha hodi kwa mama. Ndege ya Dar kwenda Unguja iko hewani kama dakika 20 tu. Boti inachukua kama saa mbili. Kwa kuangalia hapo tu, ndege imeshinda. Lakini wa Bunju akiondoka nyumbani asubuhi wakati watu wanakwenda makazini, anaweza kutumia saa mbili barabarani, kisha awe uwanjani saa nzima kabla, kisha asubiri mzigo Kisauni. Boti nayo ina barabara yake ya kufika mjini, lakini tafauti iliyobaki ni ndogo kuliko alivyodhani, na bei ni mbali sana. Kwa wa Ukonga hesabu inageuka: ndege inamfikisha kwao kabla mwenzake hajakata maji na boti.

Mzigo nao ni sehemu ya hesabu. Sisi tunaoshona tunajua gauni la harusi lenye shanga na mkia lina uzito gani. Ndege ndogo nyingi zinatoa kilo 15 tu kwa abiria. Ukiweka gauni, viatu, mashuka, udi na chetezo, kilo 15 zimekwisha na sanduku halijajaa. Bi harusi mwenye vitu vyake aende kwa boti, au vitu vitangulie na yeye afuate kwa ndege. Na uwanja wa Dar una majengo matatu ya abiria. Jengo la tatu, lililofunguliwa mwaka 2019, ni la safari za nje. Ndege ndogo zina jengo lao, na mlango wake hauko pamoja na mengine. Soma tiketi ujue ni jengo gani kabla dereva hajakuteremsha pasipo pako na masanduku mawili.

Kisha kuna sala, na hapa tunaomba dada zetu wasikilize vizuri. Msafiri wa safari ndefu kama ya Dodoma amepewa ruhusa ya kupunguza sala za rakaa nne zikawa mbili, na kukusanya Adhuhuri na Alasiri, Magharibi na Isha, akishatoka kwenye mji wake. Rehma kubwa hiyo. Lakini Alfajiri haikusanywi na sala yoyote. Wa Tegeta aliyekatiwa tiketi ya treni ya asubuhi sana atatoka nyumbani kabla ya adhana, na adhana itamkuta ndani ya gari. Kama hakupanga, jua litachomoza bado anatafuta pa kutilia udhu. Basi ama chukua treni ya baadaye, ama lala kwa jamaa walio karibu na stesheni, ama ujue mapema msikiti gani wa njiani una sehemu ya wanawake. Tiketi rahisi iliyokupotezea Alfajiri si rahisi.

Na hiyo saa kumi ya usiku ina jengine. Mara nyingi anayekata tiketi ni mwanamme, na anaangalia bei. Mara nyengine saa ya bei ndogo ndiyo saa ya usiku. Anayeamka, anayebeba mtoto, anayesimama nje ya geti kusubiri bodaboda asiyemjua ni mwanamke. Suala la mwanamke kusafiri peke yake wanavyuoni wamelizungumza kwa urefu, na kila mmoja wetu amuulize shekhe wake. Sisi tunasema lililo wazi kwa wote: hatari kubwa haiko ndani ya ndege wala ndani ya treni, ambako kuna taa, walinzi na watu. Iko kwenye kipande cha giza baina ya mlango wa nyumba na mlango wa stesheni. Mume anayemjali mkewe amsindikize kipande hicho, au alipe zaidi apate tiketi ya mchana. Elfu chache alizookoa kwenye tiketi asizitoe kwenye usalama wa mkewe.

Tunajua watakaotujibu kwamba mke anafuata mumewe, na akiishi Bunju basi ni Bunju. Hatupingi. Hatusemi posa ikataliwe kwa sababu ya foleni. Tunasema ijulikane. Kuunga udugu ni amri, na amri haitekelezwi kwa nia peke yake, inataka nauli na njia. Mume akijua tangu siku ya posa kwamba nyumba yake iko mbali, ataweka kwenye mpango wake safari za mkewe kama anavyoweka kodi ya nyumba.

Na tukumbuke msiba. Kwetu maiti hawekwi. Mzazi akifariki usiku, mara nyingi anazikwa mchana wake, baada ya Adhuhuri au Alasiri. Simu inakuja saa nane za usiku, na usiku wa manane hakuna boti ya kasi. Mtoto wa kike aliye Dar ana saa chache tu. Anayejua njia yake, ndege ya mwanzo inatoka jengo gani na nani atampeleka, anawahi kumuaga mzazi wake kabla jeneza halijatoka nyumbani. Anayeanza kuuliza saa hiyo anaikuta tanga tu.

Kwa hiyo tunawashauri mabibi harusi wetu mambo manne. La kwanza, wazee waulize mtaa wa mume siku ya posa, na jibu lisiwe "Dar" peke yake. La pili, ndani ya mwezi wa kwanza wa ndoa pita njia zote mbili pamoja na mumeo, ya uwanjani na ya gatini, mchana kweupe, mkiangalia saa. La tatu, weka pembeni pesa ya tiketi moja ya ndege, isiguswe kwa kitenge wala kwa mchezo wa kikoba, ikae kwa ajili ya simu ya usiku. La nne, uwe na namba ya dereva mmoja mnayemjua nyote wawili, mwenye kupokea simu saa yoyote.

Hayo manne hayana gharama kubwa. Keki ya harusi inazidi.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu azijaalie ndoa zenu kheri na baraka, na azifupishe njia zenu za kurudi kwa wazee wenu wakiwa hai na wazima. Amin.