Jicho Zima Si Ushahidi wa Kuona Kuzima

Wapo wanaouliza: panya, mnyama wa usiku mwenye uoni hafifu, ana lipi la kumfundisha tabibu kuhusu macho? Kwa maoni yangu, analo somo ambalo tumelipuuza wodini.

Nyuma ya ubongo wa panya lipo eneo la gamba linalopokea habari za macho, nalo limepangwa kama ramani. Vitu vilivyo jirani mbele ya mnyama huamsha seli zilizo jirani ubongoni. Vya upande wa kushoto huchorwa katika nusu ya kulia ya ubongo, na vya kulia katika nusu ya kushoto. Ursula Dräger alichapisha uchunguzi wa ramani hiyo mwaka 1975. Mwaka 2007 Quanxin Wang na Andreas Burkhalter walionyesha kuwa limezungukwa na maeneo mengine kadhaa, kila moja likiwa na ramani yake.

Binadamu si panya. Retina yetu ina kitovu cha kuona kwa makini ambacho panya hana, na kitovu hicho hutwaa sehemu kubwa ya ramani yetu. Hata hivyo, kanuni ni ile ile. Tatsuji Inouye, daktari wa macho wa Japani, aliibaini kwa askari waliojeruhiwa kichwani katika vita vya 1904–1905: mahali risasi ilipopita ubongoni palilingana na pengo katika uwanja wao wa kuona.

Kwa hiyo, mgonjwa wa kiharusi asemapo, "Jicho langu la kushoto halioni," huenda macho yake yote mawili ni mazima, na kilichopotea ni nusu ya kushoto ya uwanja wa kila jicho. Akipimwa kwa herufi za ukutani pekee aweza kufaulu, kisha akaruhusiwa kwenda nyumbani, akavuka barabara asilione gari linalotoka kushoto.

Kipimo kinachofaa hakihitaji mashine. Keti mbele ya mgonjwa, afunike jicho moja na kukutazama puani, nawe uchezeshe vidole katika kila pembe; kisha rudia kwa jicho la pili. Ni kazi ya dakika chache, na haifai kukosekana kwa mgonjwa yeyote wa kiharusi awezaye kufuata maelekezo.

Nawe msomaji, ukipoteza ghafla uoni wa upande mmoja, usianzie kwa muuza miwani. Wahi hospitali siku hiyo hiyo.