"Lakini" Haiui Lugha

Nkuhungu, mjini Dodoma, mwanafunzi humwamkia bibi yake kwa Kigogo na kuanza kisa. Kisa kikifika njia panda, huchomoza "lakini", "kwa sababu", "au". Hapo watetezi wa usafi wa lugha hupiga ukemi: Kigogo kimekufa!

Nyani haoni kundule. "Lakini" hiyo Kiswahili chenyewe kiliipokea kutoka Kiarabu, pamoja na "sababu", "au", "wala" na "ila". Kihindi nacho kina lekin, ya Kiarabu vilevile. Kiindonesia kina tetapi, ya Kisanskriti. Hakuna aliyezikalia matanga lugha hizo. Katika lugha nyingi, kiunganishi cha kupinga ndicho hutangulia kuazimwa, na "na" huwa ya mwisho. Kiswahili na Kigogo zote zimebaki na "na" yao ya Kibantu.

Kinachoua ni kingine. Tangu 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali. Sekondari ni Kiingereza. Kigogo hakina nafasi huku wala kule. Mtoto aliyefunzwa kujenga hoja kwa lugha mbili hizo, kamba za kufungia hoja atazitoa wapi? Kumcheka anapojaribu ni kumfunza kunyamaza mbele ya bibi yake. Na siku atakaponyamaza, haitasikika tena "lakini" ya kulalamikiwa, wala Kigogo cha kutetewa.