Rangi Mpya, Ukuta Mbovu

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Ndugu Waislamu, kununua nyumba kongwe, kuitengeneza na kuiuza kwa faida ni biashara halali, wala hatukusudii kuiharamisha. Asiyekopa kwa riba, akanunua kwa ridhaa ya warithi wote, si ya kaka mkubwa peke yake, faida yake ni yake. Mtihani huanza fundi anapotaja gharama.

Nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hubebwa na boriti. Ukuta huo hunywa maji na kuyatoa. Ukipigwa lipu ya saruji, unyevu hufungika ndani, na ncha za boriti zilizozama ukutani huoza pasi na kuonekana. Dawa yake inajulikana: kubandua saruji, kurejesha chokaa, kubadili boriti, na kwanza kupata kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe. Chokaa haina haraka; mwenye kutaka faida anayo. Basi hupiga saruji juu ya saruji, akapaka rangi, akafunika boriti kwa mbao, nyumba ikang'ara mpaka masika.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka ikiwa katika matengenezo, watu wawili wakafa. Sisemi palikuwa na ghishi; nasema majengo haya huua.

Wafanyabiashara wetu, wakiwemo wa safu ya mbele msikitini, hujitetea: "Nimeuza kama ilivyo, naye mnunuzi ana macho." Hoja hii ni dhaifu. Katika hadithi aliyoipokea Muslim, Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika lundo la chakula akakuta unyevu. Mwenye mali alisema ni mvua, na bado alilaumiwa kwa kutouweka juu watu wauone. Mvua ile hakuileta yeye. Saruji hii tumeipiga wenyewe. Na katika madhehebu ya Imamu Shafi, sharti la kujivua na aibu humfaa muuzaji kwa aibu ya ndani ya mnyama asiyoijua, basi. Nyumba si mnyama, na boriti aliyoifunika anaijua.

Muuzaji na aandike katika hati boriti zipi zimebadilishwa na zipi zimeachwa, fundi awe shahidi. Bei itapungua, na ipungue.

Wabillahi taufiq.